Usimlaumu Ng'ombe

Gikunda alikuwa ameingiza mkono ndani ya ng'ombe wa Marete hadi begani, shavu lake limeegemea paja la mnyama, akipapasa kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya mfuko uliotoboka.

"Tulia, mama," alimwambia ng'ombe. "Tulia tumalize."

Celina, mkewe, alikuwa upande wa pili wa ua wa michongoma akikata matete. Hakuonekana, lakini alisikia kila kitu: plastiki ya ile glavu ndefu ikisuguana, kwato zikihama hama kwenye tope, na Marete na jirani yake Runji wakitafuna miraa na kutema maganda. Alikuwa ameolewa na mpandishaji wa mbegu za ng'ombe, na harufu ya kazi hiyo ilikuwa haimtoki mumewe hata akioga kwa sabuni ya kufulia.

"Daktari," Marete alisema, "hii sasa ni mara ya tatu inarudia joto bila kushika mimba. Nikiuza maziwa yote nikulipe wewe, mimi nitakunywa nini? Ama ng'ombe yangu ni mgumba?"

"Ng'ombe yako haina shida." Gikunda alitoa mkono taratibu. "Marete, usimlaumu ng'ombe kabla hujapima mbegu. Mtungi wa baridi ukiachwa wazi kidogo tu, mbegu zinafia ndani ya mrija, na kwa nje huwezi kujua. Mrija ni uleule, rangi ni ileile. Ndiyo maana mimi nikiletewa mzigo lazima nitie tone moja chini ya hadubini. Zikiwa hai utaziona zinakimbizana kama watoto wakitoka shule. Zikiwa zimekufa unaona maji tu."

"Na hizi za leo?"

"Za leo zinakimbia."

Runji akacheka hata kabla ya kusema alichotaka kusema. "Lakini daktari, wewe watoto wako wamejaa Githongo hii nzima, na wote wana mikia. Kwako tu ndiko hakuna hata mmoja."

Wakacheka wote watatu. Hilo ndilo lililomkaa Celina rohoni alipokuwa akifunga mzigo wake wa matete: kwamba mumewe naye alicheka, tena akacheka kuwashinda.

Marete alimwona aliponyanyuka. "Muga, mke wa daktari. Hatukujua uko hapo."

"Muga," alijibu salamu yao, akaenda zake. Wanawake wa rika lake waliitwa kwa majina ya watoto wao. Yeye aliitwa mke wa daktari, ingawa Gikunda hakuwa daktari wa chochote, na akigeuza mgongo aliitwa Mama Ndama.

Nyumbani alimkuta mama mkwe wake, Cicily, amekaa kwenye kiti cha nje na kibuyu cha plastiki cha manjano miguuni. Kibuyu hicho zamani kilikuwa cha mafuta ya kupikia. Sasa kilibeba mizizi iliyochemshwa ya mganga mmoja wa Tharaka, na kila wiki Cicily alikileta mwenyewe, kwa miguu, akipita mbele ya nyumba za watu kibuyu kikionekana mkononi.

"Leta kikombe chako."

Celina alileta kikombe cha bati. Dawa ilimiminika nzito, rangi ya maji yaliyoosha miguu ya watu wengi, na povu likakaa juu na kukataa kutoweka. Ilinuka kama udongo wa zizi la mbuzi. Alijaribu kuinywa bila kupumua, lakini katikati alilazimika kupumua, na harufu ikampanda puani, na koo likafunga kama mlango.

"Si chungu sana," Cicily alisema, akimwangalia mdomoni. "Malizia."

Akamalizia. Kisha akasimama akishika ukuta, akimwomba Mungu katika moyo wake asitapike mbele ya mama wa watu.

"Jumapili akina mama watakuombea tena," Cicily alisema akifunga kibuyu. "Uvae sketi yenye mpira kiunoni. Ile ya juzi ilikuwa na vifungo, mikono haikufika vizuri."

Celina aliikumbuka mikono hiyo. Alikuwa amesimamishwa mbele ya kanisa, wanawake wamemzunguka, na kila mmoja ameweka kiganja tumboni mwake. Mmoja alikuwa akimbonyeza kwa dole gumba jinsi mtu anavyobonyeza parachichi sokoni kuona kama limeiva.

Jioni hiyo alikwenda darasani. Shule ya msingi ya jirani ilikuwa imetoa chumba kimoja kwa watu wazima waliotaka kufanya mtihani wa kidato cha nne, nao walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Mwalimu Kinyua alikuwa amechora ubaoni mambo ambayo yaliwafanya watu wenye wajukuu waanze kukohoa.

"Mwalimu," akauliza mwendesha bodaboda mmoja, "mwanamke akiwa hataki, hata anamchukia huyo mtu, mimba inaweza kuingia?"

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka.

"Inaweza. Yai halina masikio, halijui nani anapendwa. Lakini mtu si yai. Ng'ombe akishikwa na joto anataka, joto likiisha hataki, basi. Mtu hana msimu. Kwa mtu, mambo haya huanzia kichwani kabla hayajafika kwingine. Ukiogopa, mwili unajifunga. Ukidharauliwa, unajifunga. Tena ukiona kinyaa ndiyo kabisa."

Celina akanyoosha mkono, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Mwalimu, na kinyaa chenyewe ni cha nini?"

"Kinyaa ni askari. Ndicho kinachokuzuia kula nyama iliyooza hata ukiwa na njaa. Usione ni adabu mbaya. Mwenyezi Mungu alikuwekea ili uishi."

Njiani akirudi aliyatafakari maneno hayo akiyachanganya na sala. Kwa miaka yote alikuwa akitubu kinyaa chake. Aliona kinyaa kwa dawa ya mama mkwe, akatubu. Aliona kinyaa kwa ile mikono ya kanisani, akatubu. Haikuwahi kumjia kwamba huenda kulikuwa na kitu kilichooza.

Gikunda alikuwa amekuja mapema. Baada ya chakula alichukua birika mwenyewe akammiminia Celina maji ya kunawa, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu harusi.

"Twende Embu tupimwe," Celina alisema, kwa sababu ya ule wema wa maji. "Wote wawili. Tutalala kwa dada yangu Wanjugu, mtaani Majimbo."

"Mimi sina shida."

"Umejuaje?"

"Mwanamume mwenye shida anajijua." Akaweka birika chini. "Mwezi huu ulimaliza siku zako lini?"

Celina akamtajia. Alishangaa, kisha akafurahi kidogo, akidhani ni mume anayetaka kukaa karibu na mkewe. Gikunda akatazama dari, midomo ikihesabu kimyakimya.

"Jumamosi nitaenda Gachoka," alisema. "Kuna mkutano wa wafugaji, nitalala huko. Ndugu yangu Muthamia atakuja mchana kutengeneza mlango wa banda."

"Mlango una nini?"

"Umelegea."

Asubuhi Celina alikwenda bandani akausukuma ule mlango. Haukuwa umelegea.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana Cicily alifika bila kibuyu. Alikuwa na kuku aliyechinjwa, sabuni ya kunukia, na shuka jipya la manjano likiwa bado ndani ya nailoni yake. Aliviweka mezani kimoja kimoja.

"Oga," alisema. "Halafu tandika hili. Muthamia yuko njiani."

"Shuka la nini, mama? Muthamia anakuja kwa mlango."

Cicily akavuta kiti akakaa. Sauti yake ilishuka ikawa laini kama ya mtu anayembembeleza mgonjwa.

"Celina mwanangu, mimi nimezaa wanaume wawili, tumbo moja, damu moja. Mtoto akitoka kwa mmoja au kwa mwingine, uso ni wetu. Kwa wazee wetu ndugu alimfichia ndugu yake aibu, na mwanamke aliyejua kunyamaza alizeeka kwa heshima. Hata Muthamia hatadai kitu. Wewe utalala tu. Ufumbe macho."

Celina alimtazama yule kuku, shingo yake ikining'inia ukingoni mwa meza.

"Gikunda anajua?"

"Gikunda ndiye aliyechagua siku."

Basi akilini akayaona yale maji ya kunawa yakimiminika tena, na mumewe akitazama dari. Hakuwa mume yule. Alikuwa mpandishaji akipiga hesabu za joto, kama anavyofanya akipigiwa simu na Marete.

"Na hiyo Biblia ya mezani," Cicily alisema akisimama, "iweke kabatini. Mwanamume asije akapoteza nguvu."

Alipoondoka, Celina hakuoga. Hakugusa shuka. Biblia aliiacha mahali pake, akapiga magoti kando yake, lakini maneno hayakuja. Kilichokuja ni mate mengi ya chumvi, yale yanayotangulia kutapika.

Muthamia alifika amevaa shati la harusi, nywele zikiwa mbichi, na nyundo mkononi kwa ajili ya macho ya majirani. Alinuka mafuta ya mgando na miraa. Alikuwa baba wa watoto wanne, mtu wa utani mwingi, lakini siku hiyo alikaa kwenye ncha ya kiti kama mgeni wa posa.

"Shemeji."

"Shemeji. Utakunywa chai?"

"Nitakunywa baadaye."

Hilo neno baadaye ndilo lililomshinda. Celina alitoka mbio, akafika kwenye mgomba nyuma ya jiko na kutapika mpaka machozi yakamtoka. Alipoinua kichwa alimwona Muthamia amesimama mbali, nyundo bado mkononi, na uso wake una tumaini.

"Ama mimba tayari iko?" aliuliza. "Maana kama iko, mimi naenda zangu."

"Ni kinyaa, Muthamia."

"Changu mimi?"

"Chako, cha mama yako, cha huyo aliyechagua siku. Ukipita huo mlango tena, nitapiga kelele mpaka Marete asikie."

Muthamia alishusha pumzi. Alionekana kama mtu aliyetuliwa gunia. "Kusema ukweli hata mimi sikupenda. Mke wangu Njoki akijua, mimi sina nyumba. Lakini mama alinisimamia, na Gikunda akaniambia Jumamosi ndiyo uko moto, nisikose. Halafu akaniahidi ule mtamba mweusi na mweupe."

"Akakuahidi nini?"

"Mtamba. Mimba ikishika."

Celina aliufuta mdomo wake kwa kanga. Ndama huyo jike Celina ndiye aliyemlea kwa chupa, ng'ombe aliyemzaa alipokufa kwa homa ya maziwa. "Kwa hiyo mimi ni mtamba mmoja."

"Sijasema hivyo, shemeji." Akakuna kichwa kwa mpini wa nyundo. "Lakini sikiza. Nikiwaambia nilikuja, tukamaliza, na wewe ukinyamaza, hakuna mtu ameumia. Mtamba unaweza kuwa wangu tu, ama vipi?"

Hakuwa akitania. Celina akaona kwamba katika watu wote waliopanga jambo hilo, huyu ndiye aliyekuwa afadhali, na hilo nalo likamchefua.

"Nenda nyumbani, Muthamia."

Aliondoka akipitia bandani. Alipigilia misumari miwili kwenye ule mlango mzima, kwa nguvu, ili isikike kwamba kazi imefanyika.

Gikunda alirudi Jumapili asubuhi, chai ikiwa motoni. Alisema barabara ya Gachoka ilikuwa na vumbi baya. Celina akatazama buti zake. Zilikuwa zimejaa tope jekundu la Githongo mpaka vifundoni. Hakuwa ameenda popote. Alikuwa amelala kwenye stoo yake ya mitungi ya mbegu, umbali wa kusikia kengele ya kanisa lao, akingoja mkewe apandishwe.

Gikunda alichungulia sebuleni, akaona lile shuka la manjano mezani ndani ya nailoni yake, na mabega yakamshuka.

"Muthamia hakuja?"

"Alikuja. Akatengeneza mlango." Celina alichochea moto chini ya sufuria. "Gikunda, ulimwambia Marete asimlaumu ng'ombe kabla hajapima mbegu. Wewe una hadubini. Umewahi kutia tone lako?"

Alidhani atafoka. Alikuwa amejiandaa kwa kufokewa. Lakini Gikunda alikaa juu ya kigoda cha jikoni, magoti yakimfikia kifuani.

"Nilitia."

"Lini?"

"Mwaka ule tulipooana. Stoo ilikuwa haina mtu."

"Ukaona nini?"

Chai ilichemka na kumwagika, na moshi wa maziwa yaliyoungua ukajaa jikoni.

"Maji tu."

Celina hakulia. Alihisi vikombe vyote alivyokunywa vikimrudia, kimoja nyuma ya kingine, na viganja vyote, na lile dole gumba. Mwanamume huyu alikuwa amelala kando yake akijua. Alikuwa amemshika usiku akijua. Alimwona akitapika dawa ya mizizi akampa maji ya kusukutua, akijua.

"Kwa nini hukuniambia? Mimi ningekaa na wewe. Ningekaa, Gikunda, hata bila mtoto. Tungelea wa Wanjugu."

"Wangenicheka. Mimi ndiye ninayepandishia ng'ombe za kata nzima, Celina. Ungeona jina ambalo wangenipa."

"Mimi walinipa lipi?"

Gikunda alilijua, maana alilisikia kila siku zizini kwa watu, na alilicheka.

Hodi ikapigwa, na Cicily akaingia kabla ya kukaribishwa. Alikuwa amevaa kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa. Mkono mmoja ulikuwa na chupa ya uji wa wimbi, ule wanaopelekewa wanawake waliobeba mimba, na mwingine ulikuwa na kibuyu cha manjano.

"Mmeamkaje, wanangu?" Alikuwa akitabasamu. "Celina, usibebe ndoo leo. Unywe hii kwanza, iishikilie mimba."

"Mama," Gikunda alisema bila kuinua macho, "hakuna cha kushikilia. Hakuna kilichofanyika. Na nimemwambia. Ni mimi."

Tabasamu la Cicily lilitoka usoni, lakini mshangao haukuingia mahali pake. Iliingia hasira.

"Na nani alikuuliza? Ulipougua matubwitubwi ukiwa chuoni, ukavimba mpaka korodani, na yule daktari akatuita ndani akatuambia huenda hutazaa, mimi nilisema nini tulipotoka? Nilisema jambo hili lifie hapa. Sasa unalifukua Jumapili asubuhi, kwa mwanamke."

Celina aligeuka polepole. "Ulijua, mama. Kabla sijaolewa."

"Mama lazima ajue."

"Na dawa?"

Cicily alitazama kibuyu mkononi mwake kana kwamba kimewekwa hapo na mtu mwingine. "Dawa ilikuwa ya watu. Watu waone tunahangaika. Ungetaka waseme hatujali?"

Jikoni kulinuka maziwa yaliyoungua. Celina alijikuta hana hofu tena. Koo lake, lililokuwa likifunga miaka yote, lilikuwa wazi kabisa.

"Leo kanisani wakiniita mbele sitaenda," alisema. "Gikunda ndiye ataenda. Ataeleza mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba mimi sikuwa na kosa. Sitaki aeleze ya Jumamosi. Hayo nitamwachia Mungu. Lakini asiposimama, nitasimama mimi, na nikisimama nitaeleza yote, mpaka mtamba. Kesho naenda Majimbo kwa dada yangu, na kama nitarudi nitaamua nikiwa huko. Sitaamuliwa hapa."

"Celina, mwanangu. Utatuvua nguo mbele ya watu?"

"Mimi mlinivua siku nyingi. Kaa, mama."

Labda ilikuwa ile sauti. Cicily alikaa. Celina alichukua kikombe chake cha bati, akafungua kibuyu na kumimina mpaka povu likafika ukingoni. Akakiweka mbele ya mama mkwe wake.

"Kunywa."

"Mimi? Mimi ni mzee, mimi dawa hii…"

"Ni ya watu, mama. Wewe si mtu?"

Cicily alimtazama mwanawe. Simu ya Gikunda ilikuwa ikilia mfukoni, jina la Marete likimulika kwenye kitambaa, na hakuipokea. Alikuwa amevua buti moja. Alinyoosha mkono akavuta viatu vyake vya kanisani kutoka chini ya kabati, akaanza kuvifuta vumbi kwa kiganja, kichwa kimeinama.

Basi Cicily akakiinua kikombe. Alipiga funda moja, na uso wake wote ukakunjamana kuelekea puani. Alitafuta mahali pa kutema. Sakafu ilikuwa imepigwa deki. Akameza, macho yakimtoka machozi, na Celina akaona usoni pale, kwa mara ya kwanza, kile ambacho yeye mwenyewe alikuwa amekibeba miaka yote tumboni.

"Si chungu sana," Celina alisema. "Malizia."